Mzee wa Mtambo na Swali la Adui

Ndugu zangu, kabla hatujafika pale pa kupeana amani, kaeni kidogo niwape mfano. Nanyi mama zangu wa kwaya mlioanza kujipepea na vitabu vya nyimbo, joto nalisikia hata mimi. Sitawachelewesha.

Wazee mliomo humu mtakumbuka enzi zile za redio za betri. Tulikuwa tukisikia habari za mataifa mawili makubwa yaliyonuniana, kila moja lina mabomu ya nyuklia ya kuichoma dunia yote na mengine yakabaki. Hawapigani, hawapatani, wanatazamana tu kila mmoja na mkono wake juu ya kitufe. Na sisi huku, ambao hakuna aliyetuuliza, tulikuwa nyasi tukingoja tembo waamue. Lakini hata wale, pamoja na ugomvi wao wote, walikubaliana kuacha mlango mmoja wazi. Walifunga mtambo wa kupelekeana maandishi kati ya miji yao mikuu, ili likitokea la kutokea waulizane kwanza. Hiyo ni historia. Haya yanayofuata ni mfano wangu mwenyewe, msiende kuyatafuta vitabuni.

Basi, kulikuwa na mzee mmoja, mpiga mtambo katika mmojawapo wa miji hiyo. Alikaa chumba cha chini ya ardhi, mbele ya mashine iliyofanana na taipureta kubwa. Kila saa ilibidi mtambo ujaribiwe. Upande huu unapiga maneno, upande ule unajibu, ijulikane kwamba waya ni mzima. Na kanuni ilikuwa kali: usiandike siasa, usiandike vita, usiandike habari zako.

Sasa ukikatazwa hayo yote, utaandika nini? Mzee aliandika namna ya kupanda vitunguu. Adui akajibu kwamba kwao vitunguu huachiwa nafasi kubwa zaidi. Mzee akaandika namna ya kuoka mkate. Adui akasema chumvi imezidi. Miaka ikaenda hivyo, hawajaonana wala hawajui majina. Lakini yule wa kule hakuanza kupiga neno lolote bila kusalimu kwanza, na salamu zile mzee alizizoea, akawa anazingojea. Alimpenda mtu yule. Mnacheka? Alimpenda, ila hakuthubutu kumwambia yeyote, maana alikuwa analipwa mshahara wa kumwogopa.

Ikafika siku binti yake, mtoto pekee aliyeachiwa na marehemu mkewe, akashikwa na uchungu. Ujauzito wenyewe ulikuwa umemtesa tangu mwanzo. Mzee aliomba ruhusa, akanyimwa. Akakaa pale na roho yake iko hospitali. Saa ya majaribio ilipofika akapiga habari za vitunguu kama kawaida, na mwishoni vidole vikamtangulia. Aliandika: "Binti yangu anajifungua leo. Naogopa."

Mkuu wake akaisoma karatasi, akapaza sauti. "Mzee, umetuuza! Unampa adui siri za nyumbani kwako?"

"Nisamehe, mkuu. Sikuwa na mwingine wa kumwambia."

"Hukuwa na mwingine! Kesho usije kazini."

Hata hasira hazijampoa mkuu, king'ora kikalia. Rada zimeona vitu vingi angani, vinakuja kutoka upande wa adui. Maofisa wakakimbilia viti vyao. Silaha zao zikaamshwa huko zilikofichwa, na mkuu akachomoa shingoni ufunguo wa kuzirushia. Dakika zenyewe zilikuwa za kuhesabika, kwani vitu vile vikitua hakuna atakayebaki wa kulipiza kisasi. Ndugu zangu, mzee wa watu alikuwa anawaza nini? Aliwaza wodi ya wazazi, ghorofa ya juu, yenye madirisha makubwa ya vioo. Akasema moyoni, Mungu wangu, mwanangu yuko dirishani.

Na hapo hapo mtambo ukaanza kupiga.

Wote wakageuka. Karatasi ikapanda herufi baada ya herufi. Mkuu akaikata kwa mkono wake akampa mzee, aliyeijua lugha ya kule. "Soma. Wanatutangazia vita?"

Mzee akasoma: "Salamu, rafiki. Je, binti amejifungua? Wote wazima?"

Ofisa wa rada akapiga kelele kwamba vitu bado vinakuja, mkuu atoe amri. Mkuu akautazama ufunguo, akaitazama karatasi.

"Mjibu," akasema.

"Mkuu, kanuni..."

"Nimesema mjibu, mzee! Mtu mwenye nia ya kuuchoma mji huu ataulizia mtoto anayezaliwa humo?"

Mzee akaketi. Akapiga: "Salamu, rafiki. Bado. Tunangoja."

Wakangoja kweli. Mtambo ukapiga tena, mzee akasoma: "Ahsante kwa kujibu. Tuliona silaha zenu zinaamshwa, na mkuu wetu alishashika ufunguo. Akasema, muulizeni kwanza habari za binti. Wasipojibu, tunashambulia."

Umenielewa, mama yangu? Swali lile halikuwa la kirafiki tu. Kule nako walikuwa na ufunguo mkononi, wanangoja kuona kama wataitikiwa! Na vile vitu vya angani? Baadaye kidogo rada zikatulia, wakagundua lilikuwa kundi la ndege wanaohama, Mungu awabariki, hawana habari na mtu. Binti alijifungua jioni, mtoto wa kike. Mkuu mwenyewe ndiye aliyesema, "Mwambie mwenzako." Na kesho yake mzee alikuja kazini.

Sasa tuje kwetu. Wale walikuwa na mabomu ya kuimaliza dunia, na bado kila saa walisalimiana. Sisi tuna nini? Tuna mpaka wa shamba. Tuna sufuria iliyoazimwa msibani ikarudi na tundu. Tuna neno lililosemwa kwenye kikao cha harusi. Na kwa hayo tumekata waya! Mwenzako akipita unajifanya unatafuta kitu mkobani. Akikusalimu unasema hukusikia.

Nawapenda, ndiyo maana nawaambia. Mimi nikiwa hapa mbele nawaona. Tukikaribia kupeana amani, kuna wanaohama benchi. Kuna baba mmoja hushikwa na kikohozi kila Jumapili dakika ile ile, akatoka nje, amani ikiisha kikohozi kimepona. Baba, leo mlango huo nimemwomba mzee wa kanisa asimame hapo.

Wewe unadhani mwenzako alipokusalimu juzi sokoni alikuwa anasalimu kwa mazoea tu. Je, kama alikuwa amefika mwisho? Je, kama alisema moyoni mwake, namsalimu huyu mara moja ya mwisho, na asipoitikia, basi tena?

Simameni. Wa pembeni yako mwache kwanza, huyo mmeshapatana. Nenda kwa yule. Nitawangoja hapa hapa madhabahuni, na mkate hauumegwi mpaka nimeona mmeitikiana.