Barua Iliyoandikwa na Watatu

Tegeni sikio, niwape kesi. Kusimulia ni kwangu, hukumu ni kwenu.

Katika mji mdogo wa milimani huko Uchina walikuwapo wanafunzi watatu wa sekondari, kila mmoja na lake. Ruolan alikuwa msomaji. Umpe ukurasa wa Kiingereza, hata wenye maneno asiyoyajua, atakuambia mwandishi alitaka nini; umpe kalamu, sentensi zinamkwama. Baisheng alikuwa mwandishi. Kiingereza kilimtiririka mkononi, ila alisoma kwa pupa, jicho likifika chini ya ukurasa kabla akili haijatoka juu. Qiaomei hakuwa hodari wa kusoma wala kuandika. Yeye alijua kusimulia, tena kwa Kichina cha kwao tu, na akianza, waliokuwa wakila husahau vijiti vya kulia mkononi.

Mwalimu wao, Bi Gu, aliwafanyisha mazoezi ya barua kila wiki kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Barua za mtihani zinafanana: salamu, sababu, shukrani. Kisha ikaja barua ya kweli. Shule moja kando ya Ziwa Nyasa, Tanzania, ilitaka kumpokea mwanafunzi mmoja kwa muhula mzima. Darasa liandike barua moja kwa Kiingereza, nao wataamua. Bi Gu akawapa kazi hiyo wale watatu.

Baisheng aliandika siku hiyohiyo. Barua ilipendeza: uzuri wa mji, bidii ya wanafunzi, urafiki wa mataifa. Bi Gu akaifunga kwenye bahasha, aipeleke posta baada ya chakula cha mchana.

Ruolan hakula. Aliisoma tena ile barua ya ziwani. Katikati, baina ya habari za mvua na za sare, palikuwa na sentensi moja imejibanza: msituandikie sifa, tuandikieni asubuhi moja ya nyumbani kwenu. Je, ameelewa sawasawa? Akikosea, atakuwa ameharibu kazi nzuri ya mwenzake. Alimkuta Bi Gu mlangoni, mwavuli mkononi.

"Mwalimu, naomba usiipeleke," alisema. "Nadhani hatukuwajibu walichouliza."

Bi Gu akasoma pale alipoonyeshwa. Akauweka mwavuli chini.

Baisheng alinuna, lakini alikubali kuanza upya. Tatizo, hakuwa na la kuandika. "Mimi nimekulia bwenini," alisema. "Asubuhi yangu ni kengele tu." Ruolan aliifikiria nyumba yao, wazazi wakiwa viwandani mbali, akaona naye hana neno.

Ndipo Qiaomei, akikwaruza meza kwa ukucha, akaanza kusimulia. Kwao, bibi yake huamka mapema kusaga soya. Siku hizi bibi amemsahau mjukuu wake. Humwita kwa jina la mama yake Qiaomei, ambaye alishafariki, na kila asubuhi humuuliza, "Mwanangu, umerudi?" Naye Qiaomei hujibu, "Nimerudi, mama," kisha hushika mpini wa jiwe la kusagia, wakasaga pamoja.

Baisheng alichukua kalamu. Aliandika, akafuta, akaandika, akiuliza jiwe hulia vipi na mikono ya bibi ikoje. Ruolan alimtazama Qiaomei kwa wasiwasi.

"Una hakika iende?"

"Iende. Huko hakuna anayemjua bibi."

Jibu lilikuja kiangazi kilipoanza. "Barua yenu imetutoa machozi," iliandikwa. "Mwenye barua hii aje."

"Mwenye barua ni nani?" Bi Gu akauliza.

"Hakuna neno mle ambalo halikutoka mkononi mwangu," alisema Baisheng. "Simulizi hilo Qiaomei alikuwa nalo siku zote, na halikumfikisha popote."

"Maneno ni yako, asubuhi ni yangu," Qiaomei akajibu. "Bila mimi ungepeleka karatasi tupu. Na msinifanyie bibi kuwa sababu ya kunibakiza. Shangazi atakaa naye."

Bi Gu akamgeukia Ruolan.

"Ningekula chakula changu siku ile," alisema polepole, "barua ya sifa ingekwenda, na leo tusingekuwa na la kugombania."

Papo hapo akaona haya. Alitaka kwenda, alitaka mno, akaogopa kwamba wenzake wameliona hilo usoni mwake.

Bi Gu aliwaandikia watu wa ziwani, akiwasihi wawapokee wote. Wakajibu kwa upole kwamba kitanda ni kimoja, na jina wanalihitaji upesi. Sasa Bi Gu yumo ofisini, mlango umefungwa. Watatu hao wameketi nje kwenye benchi moja. Baisheng anatikisa goti. Qiaomei ameinamisha kichwa. Ruolan amebana viganja vyake katikati ya magoti, vimepoa kama maji ya kisima, na hathubutu kuwatazama wenzake, kwa sababu jina lolote litakalotajwa, urafiki wao hautabaki kama ulivyokuwa.

Aliyeelewa kilichoulizwa, aliyekiandika kikaeleweka, na aliyeishi kilichoandikwa. Kalamu ya Bi Gu nawaachia nyinyi. Wewe uliyenisikiliza, ungeandika jina la nani?