Kufuli Kwenye Tangi la Trekta

Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, mapema, maana nikifika mwisho wa mfano huu nitakuwa nasema na yeye.

Mtu mmoja alikuwa na trekta kuukuu la dizeli, na dereva aliyeliendesha tangu lilipokuwa bado na rangi. Mvua za kupandia zilikaribia. Mwaka huo mwenye trekta akasikia maneno: madereva wanafyonza dizeli kwa mpira, wanauza. Madereva gani? Wa wapi? Hakuuliza. Alichukua kipande cha mpira wa tairi, akakikata kwa kisu chake, akakishindilia chini ya kifuniko cha tangi ili kibane, akapitisha mnyororo juu yake, akatia kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni, kama wengine humu mnavyovaa misalaba.

Asubuhi dereva akaanza kulima. Akaenda, akarudi, akaenda tena; injini ikakohoa, ikazima. Akapiga stata, wapi! Akabadili chujio. Akalegeza nati, akapampu kwa mkono kutoa upepo kwenye mabomba, dizeli ikamwagika mikononi na chini. Wapi! Akatuma mtu amwite mwenye trekta.

Mwenye trekta akaja, na kabla hata ya salamu akafungua kufuli, akachovya kijiti kupima dizeli, akafunga. "Washa!"

Trekta likawaka.

Akaondoka. Hakufika mbali, likazima. Ikawa hivyo siku ile na siku iliyofuata. Akija akapima, linawaka. Akigeuza mgongo, baada ya muda linazima.

Mngekuwa ninyi mngesemaje? Msinitazame hivyo. Mngesema alivyosema yeye.

"Nikiwepo linawaka, nikiondoka linazima. Hili trekta lina macho? Na hii dizeli chini ni ya nini?"

"Nilikuwa natoa upepo, tajiri."

"Upepo! Siku hizi upepo unanuka dizeli? Nimekufungia juu, umetafuta njia ya chini."

"Tajiri, hata mimi sijui linaumwa nini. Nakuomba kitu kimoja tu. Shinda na mimi hapa leo. Kaa hapo juu ya madigadi ya gurudumu, uone mwenyewe."

"Nikae juani kulinda mwizi?"

Hakukaa. Angekaa, mfano ungeishia hapa na mngeenda kula.

Alikwenda kwenye mashine ya kusaga, pale kwenye foleni ya akina mama na ndoo zao, akapaza sauti kuishinda mashine: dereva wangu ni mwizi, nimemfukuza, asije mtu akamwajiri. Na mnajua neno likisemwa mashineni linavyosafiri. Linaingia kila nyumba pamoja na unga.

Kesho yake akapanda trekta mwenyewe. Akaenda, akarudi, akaenda. Injini ikakohoa, ikazima, katikati ya shamba, na mawingu yamesimama pale. Akapiga stata mpaka betri ikaanza kulegea. Akalegeza nati kama alivyoona ikifanywa, akapampu, dizeli ikamwagika mikononi mwake na chini. Akaitazama ile dizeli mchangani. Sasa angemwita nani mwizi?

Akavua ufunguo shingoni ili apime. Alipofungua kifuniko, tangi likavuta pumzi. Hwiii! Kama mtu aliyetolewa majini. Akapiga stata, likawaka.

Ndipo akakigeuza kile kifuniko akakitazama. Kina tundu dogo, hata mbegu ya mtama haipiti. Hapo ndipo tangi linapovutia hewa. Ukiliziba, hata dizeli ijae humo ndani, haitashuka kwenye injini. Na kilichoziba lile tundu ni kipande cha mpira chenye alama za kisu chake. Kila alipokuja kupima wizi, alilipatia tangi pumzi. Kila alipofunga, alilikaba tena. Ushahidi wote aliokuwa nao aliutengeneza kwa mkono wake.

Akamwendea dereva. Hakupita njia kuu. Alizunguka nyuma, kwenye migomba, akamkuta analima kishamba chake kwa jembe la mkono.

"Bwana, nimekukosea. Kosa lilikuwa kwenye kifuniko. Nisamehe, urudi kazini."

Dereva akaliegemea jembe. "Nimekusamehe, tajiri. Toka moyoni."

"Basi yameisha."

"Kwako yameisha. Jana mke wangu alikwenda kusaga, wenzake wakavuta ndoo zao karibu na miguu. Mashineni bado mimi ni mwizi."

Mwenye trekta akainamisha kichwa, akasema ameelewa. Akarudi nyumbani kwa njia ile ile ya migomba. Mpira akautupa, kufuli akalitupa, akapata dereva mwingine, trekta likalima bila kuzima. Mashineni hakwenda. Mpaka leo hajakwenda.

Haya, amka wewe.

Sisi tunakuja hapa kila Jumapili, tunapiga magoti, tunanong'ona: Bwana, nilimsingizia jirani, nilimsema shemeji, nilimwita mtoto wa watu mchawi. Tunalia na machozi ya kweli kabisa. Kisha tunatoka tumepona. Na yule tuliyemsema? Amepona? Sisi tulisema kwa sauti ya kushinda mashine, leo tunatubu kwa mnong'ono wa mtu aliyejificha migombani. Nani kati yetu alishawahi kurudi palepale aliposemea uongo, akasimama mbele ya masikio yale yale, akasema "nilikosea mimi"? Inueni mkono.

Nilijua.

Mungu amekusikia, sibishi. Mashineni hawajasikia. Siwaombei leo, na msinifuate ofisini kuungama. Kesho ni Jumatatu. Mashine inafunguliwa asubuhi, na foleni itakuwepo.