Utomvu Mwekundu wa Mninga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa ndiyo hivyo. Na wewe Shija, acha kuchokoa moto, utatuunguza.

Zamani hizo mazimwi yalikuwa majirani zetu, na kijiji kilikuwa na desturi moja. Anayejua kazi ya mti haruhusiwi kukaa nayo peke yake. Anakupeleka porini, unaushika mti, unaujaribu mbele yake, kisha anakufunga uzi wa gome mkononi. Bila uzi, hujafundishwa.

Basi, palikuwa na akina mama wawili, mashoga wa chanda na pete, Kalunde na Milembe. Chumvi ikiisha kwa huyu, inatoka kwa yule. Kalunde alijua gome la mti wa mwombo linavyotoa kamba ngumu. Akamfundisha Milembe. Alijua kijiti kinachopekecha moto hata wakati wa mvua. Akamfundisha Milembe. Alijua mzizi wa kufunga tumbo la kuendesha. Akamfundisha Milembe.

Milembe alijua mti mmoja tu. Lakini mti wenyewe! Ukijipaka, zimwi halikunusi.

Siku moja Kalunde akamwambia, "Shoga, uyoga umeota. Nshoma wangu anataka kwenda porini na Nyamizi wako. Nifundishe ule mti wa zimwi."

"Ni mkuyu," akajibu Milembe, huku anapepeta ulezi. "Mpake maziwa ya mkuyu mwili mzima."

"Twende basi ukanionyeshe, unifunge uzi."

"Uzi wa nini, mimi na wewe? Ina maana huniamini?"

Kalunde akaona haya. Akaenda peke yake, akaukata mkuyu, akakinga maziwa yake, akampaka mwanawe kuanzia utosini mpaka nyayoni.

Basi, wale wasichana wakaenda. Hata kikapu hakijajaa, mara zimwi likatoka pangoni:

"Nanusa, nanusa, nanusa mtoto wa mtu!"

Likampita Nyamizi kama halimwoni. Likamdaka Nshoma.

Nyamizi akakimbia mpaka shuka likamdondoka njiani. Akafika analia, "Mama Nshoma, Nshoma amechukuliwa!"

Kalunde akamshika mkono, wakaenda mbio kwa Milembe.

"Shoga, ulisema mkuyu?"

"Mkuyu."

"Mkuyu kweli?"

"Si nimekwambia ni mkuyu!"

"Mbona mwanao ni mwekundu mgongo mzima?"

Akajibu mtoto: "Huu ni utomvu wa mninga. Mama alinipaka, akasema nijifunike shuka, nisimwambie mtu."

Jamani! Mimi nimezeeka na hadithi hii, na nikifika hapa bado moyo unaniuma.

"Milembe, nimekukosea nini?" Kalunde akauliza.

"Watu wote wanakuja kwako," akasema Milembe. "Mimi nilikuwa na mti huo mmoja tu. Na zimwi halijaonekana tangu mavuno, nikadhani..."

"Ulidhani! Kwa mwanangu ulidhani. Kwa mwanao hukudhani."

Kalunde hakungoja jibu. Akachukua kamba yake ya mwombo na shoka, akaenda kwenye mninga, akaukata gome. Utomvu ukatoka mwekundu kama damu. Akajipaka mwili mzima, mwingine akautia kwenye kibuyu.

Akalikuta zimwi kule pangoni, limekaa kwenye mdomo wa shimo, linanoa kisu. Nshoma yumo shimoni, analia. Kalunde akasogea.

"Nanusa..." likasema zimwi. Akasogea tena. "Nanusa..." Akasogea mpaka akaweza kuligusa. "Aa, sinusi kitu." Likaondoka kwenda kutafuta kuni.

Kalunde akateremsha kamba. "Nshoma, shika, mwanangu!" Akamvuta juu, akampaka utomvu. Njiani wakapishana na zimwi lina mzigo wa kuni kichwani. Likawapita hivihivi.

Kesho yake Kalunde akakipeleka kijiji kizima kwenye mninga. Kila mtu akaushika mti, akaukata, akajipaka. Kila mtu akafungwa uzi.

Wa mwisho alikuwa Milembe. Hakuwa na haja ya kufundishwa mti huo, lakini alikuja, akanyoosha mkono.

Kalunde akamfunga uzi vizuri, kama alivyowafunga wengine. Kisha akasema, "Tayari, mama Nyamizi."

Hakusema shoga. Siku hiyo hakusema, na mpaka anazikwa hakulisema tena jina hilo. Milembe akasimama pale, anautazama ule uzi, machozi yanamtoka.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye mninga. Ukijua kitu cha kumwokoa mwenzio, mfundishe chote, na umfundishe ukweli. Uhai wa Nshoma uliokolewa kwa kamba. Ule ushoga haukupatiwa kamba.