Mchi wa Katekista Gervasi

Aliyekimbia kengele, mwite kwa kinu. Ninyi wanakwaya mmemsikia padri akiwaambia hivyo, mkatazamana mkacheka. Mlidhani anatangaza chakula. Mmetoka kwa wakimbizi kule bondeni, masufuria yamejaa vilevile kama mlivyokwenda nayo, mnalalamika kwamba mliwaita kwa kipaza sauti wakajificha. Haya, wekeni magunia chini mkae. Methali hii ilianza hivi, hapahapa kigangoni, na mimi nilikuwepo. Atakayenikatiza, naanza upya toka mwanzo.

Nilikuwa mke wa katekista Gervasi, babu yenu, Mungu ampumzishe. Kanisa lilikuwa la udongo na nyasi. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mbele ya mlango, na Gervasi aliipenda nusura nione wivu. Aliipiga kwa nondo, na mabonde matatu yakasikia.

Masika ya huku milimani mnayajua. Ukungu unaamka nao, unapika nao, unalala nao. Asubuhi moja tulifungua mlango tukakuta watu wameketi mbele ya kanisa, kama sitini, kimya kabisa, matone ya ukungu kwenye nywele zao. Hakuna aliyesikia hatua zao. Mpaka leo huwa najiuliza kama sikuwaota. Vita vilikuwa vimewatoa ng'ambo ya mto.

Kanisa likawa nyumba yao. Akina mama wa kigango tulikuwa na desturi yetu: kila anayepika hutoa kwanza konzi moja ya unga, anaitia kwenye kibuyu cha kanisa, kabla hata maji hayajachemka. Vibuyu vyote vikaletwa siku ile, na wenye mablanketi mawili wakatoa moja. Siku ya pili mmoja wa wageni, Nyandwi, akajifungua mtoto wa kike pembeni ya altare. Mimi ndiye niliyemkata kitovu, nikamfunga kwenye kanga yangu ya harusi. Wa kwangu nilikuwa nimemzika miezi minne nyuma. Basi nilimpenda yule mtoto palepale, sikuficha.

Siku ya tatu chakula cha kuwakaribisha wote kikaiva. Gervasi akasema wageni waitwe kwa heshima, kama Wakristo wote wanavyoitwa. Akashika nondo, akapiga kengele kwa mara ya kwanza tangu waje.

Nilikuwa na upawa mkononi. Niliwaona wanatoka mlangoni, wanatoka madirishani, bila kelele, wanaingia kwenye msitu wa mianzi. Nyandwi alipita karibu yangu, mtoto kifuani. Nikamwita, hakugeuka. Ukungu ukajifunga nyuma yao, masufuria yakabaki yanafuka mvuke.

Gervasi akadhani hawakuelewa. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Wanaume wetu wakaingia msituni wakiita kwa sauti kubwa, wakarudi wamelowa, mikono mitupu. Akapiga mpaka jioni. Akina mama wakaanza kununa: tumejinyima, tumewapikia, kumbe wana kiburi. Wakashuka makwao. Mimi niliwaza kitu kimoja tu, mtoto wa siku moja kwenye baridi ile.

Asubuhi Gervasi akainua nondo tena. Ndipo tukasikia mtu anakohoa ndani ya kanisa. Alikuwa mzee Minani, mmoja wa wageni, mwenye mguu mbovu. Hakuweza kukimbia na wenzake, akajibanza nyuma ya altare tangu jana yake, na hakuna aliyemwona.

“Mtumishi,” akasema, “ukiipiga tena, watakwenda mahali ambapo hamtawaona kamwe.”

“Mzee, mimi nawaita waje kula.”

“Unawafukuza. Kwetu padri alituagiza: siku wakija wenye bunduki, kengele italia bila kukoma, na kila mtu akimbie asigeuke nyuma. Ililia. Ndiyo maana tuko hai. Aliyeipiga hakutoka.”

Gervasi aliiweka nondo chini taratibu.

“Sasa tuwaiteje?” nikauliza. “Tukiita kwa mdomo wanajificha. Kuna kichanga kule, mzee wangu.”

Minani akachungulia nje mlangoni. “Mna kinu?”

“Kipo.”

“Twangeni. Mtu anayekimbia huacha kinu. Kikilia, ujue kuna mtu ametulia, anategemea kula. Lakini muwe wawili mnapokezana. Kwetu, mchi mmoja ni wa mtu aliyebaki peke yake.”

Sasa, huku kwetu kila mwanamke alikuwa anatwanga kivyake. Hatukujua kupokezana. Nikatia kisamvu kinuni, nikashika mchi, nikatafuta mwenzangu. Akina mama hawapo. Nikamwona Gervasi anavua kanzu. Wajukuu zangu, enzi hizo mwanamume kushika mchi ilikuwa aibu ya kuingia nayo kaburini, na kweli alichekwa mpaka anazeeka. Mwenyekiti wa kigango alimwambia, “Katekista, utatwangaje kisamvu mbele ya watu?”

“Nimewafukuza mbele ya watu,” akajibu.

Tukatwanga. Wangu ukipanda, wake unashuka, na mara nyingi iligongana. Kisamvu kikalainika, tukaongeza kingine, tukatwanga tena. Sijui ilikuwa saa moja au nusu siku, maana jua lilikuwa halionekani. Ikafika mahali sikuihisi tena mikono yangu. Nilisikia tu du, du, du, nikadhani ni moyo wangu. Kisha kwenye mianzi pakatokea uso, ukasimama, ukasikiliza. Ukatokea mwingine. Wakarudi kama walivyokwenda, kimya, mmoja mmoja, wakakaa kuzunguka kinu. Kila mama aliyebeba mtoto nilidhani ni yeye, nikamkazia macho, siye. Gervasi akataka kupumzika.

“Thubutu,” nikamwambia.

Nyandwi alitoka mwisho kabisa. Kanga yangu ilikuwa imelowa kifuani kwake, haitikisiki. Akaja moja kwa moja, akaniwekea mtoto mikononi, akachukua mchi wangu. Sikuthubutu kufunua. Yeye akamtazama Gervasi anavyohangaika.

“Unatwanga vibaya, mtumishi,” akasema. “Nisubiri nipande, ndipo ushuke.”

Hapo ndani ya kanga mtu akapiga chafya. Nililia mpaka nikakaa chini kwenye matope.

Tangu siku ile rimu ilinyamaza. Jumapili tuliitwa kwa kinu, michi miwili, hata padri wa parokia akauliza kama kengele tumeiuza. Watu wakaanza kusema methali yao, nanyi mmeirithi. Lakini mmeirithi nusu.

Siku mtoto yule alipobatizwa, Nyandwi aliinuka kwenye benchi akatoka nje. Mara tukasikia rimu inalia. Alikuwa ameshika nondo, anapiga mara moja, anasimama, anasikiliza, anapiga tena. Ndani ya kanisa wenzake walishikana mikono. Mzee Minani alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka. Hakuna aliyekimbia. Kengele ikalia mpaka mwenyewe aliporidhika, akarudi, akampokea mwanawe kwangu.

Basi inukeni. Hicho kipaza sauti kiacheni hapa mlangoni. Kinu kiko nyuma ya jiko, michi iko miwili, na wavulana wa kwaya mtatwanga, msinitolee macho. Mkifika bondeni msimwite mtu kwa jina, msimfuate mtu. Twangeni tu mpaka watoke. Aliyekimbia kengele, mwite kwa kinu; kengele ataipiga mwenyewe.