Miraba Sita Uani

Samadi husema kabla ya mbavu. Niliyatamka maneno hayo jana, daktari wa mifugo alipochota kinyesi cha ng'ombe wetu mnene akakitia kichupani, nanyi vijana mkacheka. Leo mmekuja kuuliza yalikotoka. Basi sikilizeni asili yake.

Zamani huku kwetu Rungwe, mkamwana hakuonana na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake njiani, aliingia migombani akajifunika mpaka apite. Hakulitaja jina lake wala hakusema naye neno. Ndivyo Tusekile alivyoishi na Mzee Mwakalobo, mwenye ng'ombe sita.

Bora kati yao alikuwa Pambo. Alikuwa amenona, ngozi inang'aa, na alikuwa amezaa ndama jike. Mzee alikwisha kutangaza kwamba siku ya tatu Pambo na ndama wake watakwenda ukweni, kuwa mahari ya mwanawe mdogo, Anyosisye.

Tusekile ndiye aliyesiriba sakafu za nyumba zao kwa samadi. Kiganja chake kiliwajua ng'ombe wote sita kama mpishi ajuavyo unga. Wiki hiyo samadi ya Pambo ilimteleza. Aliongeza majivu, ikakataa kushika. Ng'ombe wote walikula malisho yale yale na kunywa mto mmoja, lakini ya wale watano ilishika kama siku zote.

Alipokuwa msichana kwao, alikwisha kuishika samadi ya namna hiyo. Ng'ombe yule alikonda huku anakula, akafa. Kisha ndama waliozaliwa zizini mle wakamfuata, mmoja mmoja, mwaka hata mwaka, mpaka baba yake akabaki na vigingi vitupu.

Alimwambia mumewe, Ambakisye.

“Pambo?” Ambakisye akacheka. “Yule hata nzi wanateleza mgongoni. Sasa niende nikamwambie baba kwamba mke wangu ameongea na mavi?”

“Mwambie mkono wangu umekataa.”

“Mkono wako ulale, mama. Ng'ombe wanaondoka keshokutwa.”

Kesho yake mzee alipokwenda shambani, Tusekile aliingia uani. Mbele ya kila kigingi alisiriba mraba mmoja, kwa samadi ya ng'ombe anayefungwa pale. Miraba sita. Jua likaikausha mchana kutwa.

Asubuhi ya safari mzee alitoka na kamba mkononi, akasimama ghafla. Miraba mitano ilikuwa migumu, laini kama sahani. Wa Pambo ulikuwa umepasuka na kubanduka magamba. Alipiga goti, akaugusa. Kisha akaugeukia ukuta.

“Ukuta, muulize aliyesiriba hapa: mkono wake umechoka?”

Nyuma ya nyumba, Tusekile aliinamia kinu. “Kinu, mwambie mwenye ua kwamba mkono ni mmoja kwa miraba yote.”

“Ukuta, mwambie Pambo ni mnene.”

“Kinu, mwambie wa nyumbani kwetu naye alikuwa mnene. Baadaye hatukuwa na wa kumkamua.”

Mzee aliitupa kamba chini. Siku hiyo ukweni walikwenda ng'ombe wengine wawili. Pambo alifungwa peke yake, bondeni, chini ya kisima. Ndama wake alitengwa naye, akanyweshwa maziwa ya ng'ombe mwingine. Watu walimcheka Mwakalobo kilabuni: mzee mzima anaongozwa na mavi.

Ulipita mwaka, na nusu ya mwaka wa pili. Pambo akaanza kukonda, na kila siku alimaliza majani yake yote. Mbavu zikatoka, moja baada ya nyingine, na kinyesi kikawa maji. Waliocheka walikuja, wakasimama bondeni. Wakazitazama zile mbavu, kisha wakaitazama mikono ya mwanamke aliyejifunika migombani, na aliyekuwa na kofia akaivua.

“Mkamwana wangu hakuvunja mwiko,” Mwakalobo aliwaambia. “Hakusema nami. Samadi ndiyo iliyosema, na mbavu zilikuwa bado zimelala.”

Bibi yangu ndiye aliyeolewa na Anyosisye. Mazizi ya pande zote mbili yalibaki mazima, na ng'ombe mliowakamua leo asubuhi ni wa uzao wa mazizi hayo. Kwa hiyo kesho daktari akirudi na vichupa vyake, mshikieni mkia wa ng'ombe. Samadi husema kabla ya mbavu.