Makapi na Nyaraka za Kupunguza Tumbo

Hapo zamani, katika mji wa Kitoweoni, ambako hata paka walichagua samaki, alitawala sultani aitwaye Shamlani. Alikuwa mtu mwema, mwenye huruma nyingi na tumbo kubwa zaidi. Tumbo hilo lilitangulia kuingia barazani, kisha akafuata mwenyewe.

Desturi ya mji huo ilikuwa kwamba mpakuaji hupakua mpaka mlaji aseme "basi". Asiposema, upawa hauna ruhusa ya kusimama. Sasa Sultani Shamlani alikuwa na ila moja ya ajabu. Neno hilo alilitumia kutwa kucha katika mazungumzo, hakuweza kufungua kinywa ila aanze nalo. Lakini likija sinia la pilau, neno lilimtoka kichwani lisionekane tena mpaka sinia liwe jeupe. Wapakuaji walikuwa wakibadilishana zamu kwa kuchoka mikono.

Ikawa siku moja akaingia mjini mtu mmoja jina lake Mirdadi, mwenye kilemba cha hariri na maneno ya asali. Akasema yeye ni wakala wa Hakimu Tarkani, bingwa wa tiba ya matumbo, akaaye ng'ambo ya bahari saba.

"Maulana," akasema Mirdadi, "mgonjwa hana haja ya kumwona Hakimu, wala Hakimu hana haja ya kumwona mgonjwa. Kila Ijumaa nitakuletea waraka uliofungwa kwa lakiri, na ndani yake mna amri za juma hilo: ule nini, saa ngapi, umeelekea wapi. Mwaka ukiisha, utapita penye tundu la mlango." Kisha akakunjua karatasi mbili zenye picha, moja ya mtu mnene, moja ya mtu mwembamba. "Huyu ni kabla ya nyaraka, na huyu ni baada."

Baraza zima likapiga vigelegele. Bei ya kila waraka ilikuwa jaruba moja la mpunga katika bonde la Sultani, lililolisha mji wote. Karani akasoma sharti alilokuja nalo Mirdadi: "Mnunuzi akitamka neno 'basi' mbele ya wakala ndani ya siku saba za kwanza, mafunzo yamekoma, na kila kilichotolewa kitarudi kwake. Asiyetamka, amesema endelea, mpaka mwaka uishe." Sultani akaona ni sharti la muungwana, akapiga muhuri wake, mafunzo yakaanza siku hiyohiyo.

Waraka wa kwanza ulisema, tafuna kila tonge mara arobaini. Sultani akatafuna, ila matonge hayakupungua, ikawa chakula cha mchana kinakutana na cha jioni. Wa pili ulisema, kula umeelekea kusini. Akaelekea kusini, na pilau likamfuata huko. Wa tatu ulisema, nusa kabla ya kula. Akanusa, na harufu ikamzidishia hamu. Basi zikapita Ijumaa saba, majaruba saba yakaenda kwa Mirdadi, na mshipi wa Sultani ukaongezwa tundu.

Katika mji huo alikuwako fukara mmoja aliyeitwa Makapi. Hakuwa na shamba wala mbuzi. Yeye na mkewe, Bi Mwanakheri, pamoja na maskini wenzao, waliishi kwa kuokota masazo bondeni baada ya mavuno, na walichookota walikipepeta mpaka kwenye makapi wakapata punje. Ndiyo asili ya jina lake. Watu walimhesabu mpumbavu kwa sababu alilichukua kila neno kama lilivyosemwa. Aliwahi kuambiwa amwangalie punda wa jirani, akaketi akamwangalia, na mwizi alipokuja akamwangalia punda akienda zake mpaka akapotea machoni. "Mlisema nimwangalie," alijitetea. "Hamkusema nimzuie."

Lakini sasa Mirdadi alikuwa ameyazungushia majaruba yake saba ua wa miiba, na mlinzi akasimamishwa kuwafukuza waokotaji. Chungu cha Bi Mwanakheri kikaanza kulia kwa utupu. Na habari mbaya zaidi ikaja: Mirdadi amemshauri Sultani atoe bonde zima kwa mkupuo, apate nyaraka za miaka miwili kwa bei ya mmoja. Makapi aliposikia hayo alijua kwamba bonde likienda, hapana pa kuokota hata punje.

Sultani alikuwa njia panda. Waziri wa kulia alisema, "Nunua." Waziri wa kushoto alisema, "Acha." Kwa hasira ya njaa ya kutafuna mara arobaini, akaagiza aletwe Makapi.

"Basi sikia, ewe Makapi," akasema Sultani. "Wenye akili wamenishinda, sasa nimemgeukia mpumbavu. Nataka kujua, mafunzo haya yana thamani ya bonde langu au hayana? Kama yanayo, nitalitoa. Kama hayana, nirudishie majaruba yangu saba, lakini nisivunje ahadi, muhuri wangu usifutwe, wala nisimwite Mirdadi mwongo mbele za watu. Basi nakupa mpaka Ijumaa. Ukishindwa, bonde litakwenda, nawe utafute pa kuokotea."

"Nimesikia, Maulana," akasema Makapi. "Naomba kumwuliza Bwana Mirdadi swali moja tu. Katika picha hizi mbili, ni yupi aliyechorwa kwanza?"

Mirdadi akabadilika rangi, akasema hilo ni siri ya Hakimu. Baraza likacheka, ila Makapi hakucheka. Alirudi nyumbani miguu mizito, maana kicheko hakirudishi jaruba.

Siku mbili alikaa akikuna kichwa. Siku ya tatu, Alhamisi, Bi Mwanakheri akawa anampakulia uji, wenyewe mwepesi hata mtu angeweza kuona uso wake ndani. Upawa mmoja ukaingia bakulini, na Makapi akashusha pumzi, akasema, "Basi, mke wangu, sijui nifanyeje."

Bi Mwanakheri akaurudisha upawa chunguni na kufunika.

"Mbona umeacha?" akauliza Makapi. "Nina njaa ya siku mbili!"

"Umesema basi."

"Ile ilikuwa basi ya maneno, si basi ya uji!"

"Mume wangu," akasema Bi Mwanakheri, "upawa haujui tofauti. Neno limetoka, upawa umesikia."

Makapi akafungua kinywa kubishana, kisha akakiacha wazi hivyohivyo. Mara akaruka, akambusu mkewe paji la uso, akambusu na upawa, akatoka mbio kwenda kwa karani wa Sultani. Uji ule uliliwa na Bi Mwanakheri, na hakuujutia.

Siku ya Ijumaa baraza lilijaa pomoni. Mirdadi alikuja na waraka wa nane mkononi na hati ya bonde zima kwapani. Makapi akaingia na kikoi chake chenye viraka, akainama.

"Maulana, naomba karani asome maneno aliyoyaandika siku ya sharti."

Ilikuwa desturi ya baraza kwamba kila neno la Sultani huandikwa. Karani akafungua daftari lake, akasoma: "Sharti likasomwa. Sultani akapiga muhuri. Kisha Sultani akasema, 'Basi, Bwana Mirdadi, nipe huo waraka wa kwanza.'"

"Rudia, bwana karani," akasema Makapi. "Neno la kwanza peke yake."

"Basi."

Waziri wa kulia akamtazama waziri wa kushoto.

"Lilitamkwa mbele ya wakala?" akauliza Makapi.

"Mbele yake, akiwa amekaa pale," akajibu karani.

"Ndani ya siku saba za kwanza?"

"Muhuri ulikuwa haujakauka."

"Basi, Maulana," akasema Makapi, "ahadi hukuivunja, uliitimiza. Muhuri wako haukufutwa, unasimama na sharti lake. Wala Bwana Mirdadi si mwongo, kwa kuwa aliandika kwamba kila kilichotolewa kitarudi, nasi twamsadiki."

Mirdadi akaruka juu, kilemba kikamwinamia sikioni. "Hiyo ni basi ya mazungumzo! Si basi ya kukomesha! Kila mtoto anajua tofauti!"

"Mtoto anajua," akasema Makapi, "ila upawa haujui, na sharti lako ni ndugu yake upawa. Uliandika neno tupu, hukuandika ni basi gani. Kinywa ni jumba la maneno, na hili limetoka katika kinywa cha Sultani."

Baraza likapasuka kwa kicheko. Sultani alijizuia, kwanza kwa heshima, kisha kwa mikono miwili juu ya tumbo, mwisho akashindwa, akacheka mpaka mshipi ukakatika. Majaruba saba yakarudi, na ua wa miiba ukang'olewa mchana ule. Mirdadi akaondoka na picha zake mbili, na mlangoni watoto wakawa wanamwuliza yupi alichorwa kwanza.

Lakini Sultani akafuta machozi, akasema, "Basi hujanijibu swali la kwanza, ewe Makapi. Mafunzo yale yalikuwa na thamani au hayakuwa nayo?"

"Maulana, Hakimu Tarkani ana dawa ya kweli ya tumbo, nami simdhulumu. Ni dawa ya neno moja. Ila hakuiandika katika nyaraka, maana mgonjwa angepona akaacha kununua. Aliiandika katika sharti."

Lilipoletwa sinia la mchana, mpakuaji akapakua mara moja, akapakua mara mbili, akainua mkono wa tatu. Sultani akatokwa na jasho, akalitazama pilau kwa huzuni ya mtu anayeagana na ndugu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi." Mpakuaji akashangaa hata upawa ukamponyoka.

Ndipo Sultani akaamuru Makapi apelekwe ghalani, amiminiwe mpunga kwa desturi ya mji, mpaka atakaposema neno lenyewe. Makapi akatandika mkeka, wakaanza kummiminia. Gunia moja, kimya. Magunia matano, kimya. Waokotaji wenzake wote wakaja na vikapu, wakachota, naye kimya. Mtunza ghala akamsihi, "Makapi ndugu yangu, sema kitu!" Makapi akatikisa kichwa, mkono mmoja kinywani, na mwingine ukimwashiria Bi Mwanakheri akaazime punda.

Wasemao husema ghala ilikuwa imebaki nusu alipomaliza. Nami msimulizi nilikuwa na mengi ya kuongeza, lakini nimeona bakuli zenu zimejaa, nanyi ni watu wa haya, hamtaki kunisimamisha. Basi.