Nguchiro na Ofa ya Simu ya Bure

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshaanza kutembea na simu, palikuwa na Nguchiro aliyekaa kwenye kichuguu katika Bonde la Kiwele. Alikuwa mdogo, mwembamba kama mwiko. Lakini mdomo! Mdomo wa Nguchiro haukuwa na likizo.

Simu yake ilikuwa mbovu. Kioo kimepasuka, betri imefungwa kwa mpira, na ili isikike ilibidi kwanza aizabe kofi. Paa! Ndipo inasema haloo.

Basi siku moja alikuwa uani anapepeta kumbikumbi wake. Ting! Ujumbe ukaingia.

"HONGERA! UMECHAGULIWA! Pata simu mpya kabisa, BURE! Alika majirani kumi wajiunge na Neema Bure, na simu ni yako!"

"Mimi? Mimi nimechaguliwa?" Nguchiro akatupa ungo huko, kumbikumbi wakamwagika, yeye hana habari. Akapiga kigelegele peke yake, akauzunguka uwanja.

Akabofya. Simu ikamuuliza jina, akajaza. Ikamuuliza anakaa wapi, akajaza. Ikamuuliza mlango wake unatazama upande gani, na saa ngapi huwa hayupo nyumbani.

Hapo alisita kidogo. "Mlango wangu wanautakia nini hawa?" Kisha akajijibu mwenyewe, "Ala! Si wataniletea simu? Waipitishe wapi, kwenye paa?"

Akajaza.

Kisha huyoo, mbio mpaka kwa jirani yake, Mama Kanga. Akamkuta amelalia mayai yake chini ya majani makavu.

"Hodi, shoga!"

"Karibu. Mbona unahema hivyo, umefukuzwa?"

"Shoga, unataka simu ya bure?"

"Ya bure kweli, au ile bure ya kulipia?"

"Bure bure! Unajiunga, unaalika wenzako, wanakuletea mpaka hapo ulipokaa. Hebu lete hiyo simu yako nikuonyeshe."

Mama Kanga akaanza kujaza polepole, jicho moja kwenye simu, jicho moja kwenye mayai. Alipofika mwisho akainua shingo.

"Wanauliza natoka saa ngapi. Hili nalo wanalitaka la nini?"

"Andika tu, shoga. Unanijua mimi. Nimewahi kukudanganya?"

Mama Kanga akaandika: *Natoka jua likichomoza, naenda mtoni kunywa maji.*

Kutoka hapo Nguchiro akaenda kwa Nungunungu, akamshawishi. Akaenda kwa Digidigi, akamshawishi. Akapanda majabali kwa Pimbi na ukoo wake mzima, akawashawishi wote kwa mkupuo mmoja. Majirani kumi wakatimia. Akakaa mbele ya simu, mkia unacheza.

Ting! "HONGERA! BADO MMOJA TU!"

"Aa, nimehesabu vibaya," akasema. Akaleta mmoja.

Ting! "HONGERA! BADO MMOJA TU!"

Akaleta mwingine. Bado mmoja tu. Akaleta mwingine tena. Bado mmoja tu! Nyayo zikamvimba, sauti ikamkauka kwa kuhubiri ofa, na simu mpya hata kivuli chake hakukiona.

Asubuhi moja akasikia kilio. Kilio cha Mama Kanga hakina mfano, wanangu, kinakata hewa kama msumeno. Nguchiro akatoka mbio.

Majani makavu yalikuwa yametawanywa. Maganda ya mayai yalikuwa yamesagwa chini, na nyayo kubwa zimekanyaga kila mahali.

"Nimekwenda kunywa maji," Mama Kanga akasema. "Nimekwenda na kurudi. Nani alijua natoka saa ile? Nani alijua kiota kiko hapa? Miaka yote wanapita hapa hawanioni!"

Nguchiro akainama, akaokota kipande cha ganda.

"Ni wewe uliyeniambia niandike."

Nguchiro alifungua mdomo ajitetee. Aseme na yeye amedanganywa, na yeye ameandika mlango wake. Lakini akayatazama yale maganda, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa neno. Akageuka, akazifuata zile nyayo.

Zilimpeleka mpaka kwenye miamba, nyumbani kwa Fisi. Jua lilikuwa la utosi. Nguchiro akajipenyeza kwenye ufa wa mwamba, akatega sikio. Ndani kulikuwa na sauti mbili, ya Fisi na ya Chui.

"Hii hapa nyingine," Fisi alikuwa anasema huku anabofya simu yake. "Digidigi. Mlango unatazama kaskazini, adhuhuri hulala. Kwe-kwe-kwe-kwe! Ameandika mwenyewe!"

"Zamani nilikuwa nakimbia mpaka ulimi unagusa nyasi," Chui akasema. "Siku hizi nyama inanitumia anwani."

"Na yule Nguchiro! Anavyotuletea watu! Hatumlipi kitu, anakimbia bonde zima!"

"Tutamla lini?"

"Mwache kwanza. Akimaliza kualika wote, tutamla yeye kwa kufungia."

Wakacheka mpaka vumbi likadondoka darini.

Nguchiro alizidi kujibana ufani. Kwanza kwa hofu. Halafu ile hofu ikageuka, ikawa hasira iliyompanda mpaka masikioni.

Akarudi, akawaita majirani wote uwanjani kwake. Akawaambia yote bila kuficha, mpaka lile la kuliwa mwishoni.

"Basi tuhame," Nungunungu akasema. "Tufungashe leo hii."

"Tuhame," wakaitikia Pimbi.

"Sihami!" Nguchiro akaruka juu ya kichuguu chake. "Mimi nihame, Fisi abaki? Kichuguu hiki nimekichimba kwa kucha zangu hizi! Mimi ndiye niliyewaingiza, na mimi nitawatoa. Anayetaka kuhama ahame. Mimi sihami ng'o!"

Kila mtu akamtazama Mama Kanga.

Mama Kanga akamtazama Nguchiro kwa jicho kavu. "Sijakusamehe," akasema. "Lakini na mimi sihami. Sema, tufanye nini?"

Kesho yake Nguchiro alikwenda moja kwa moja kwa Fisi. Akasimama kwenye mdomo wa ule ufa mwembamba, pahali ambapo pua ya Fisi haiingii, akaita kwa sauti ya kununa.

"Hodi hapa! Nimekuja kudai simu yangu!"

Fisi akatoka anajikuna. "Simu gani? Mimi nahusikaje na simu?"

"Usinifiche, Bwana Fisi. Najua Neema Bure ni yako." Akanyamaza, akatikisa kichwa. "Au niseme ni ya Chui. Nilidhani mkubwa ni wewe, kumbe mkubwa ni yeye. Wewe ni mtu wa kutumwa tu."

"Nani wa kutumwa?" Manyoya ya Fisi yakasimama.

"Angekuwa anakuheshimu, si angekuambia habari za ile ofa ya wakubwa?"

"Ofa gani ya wakubwa?"

"Aa! Basi, sikusema kitu. Kwaheri, Bwana Fisi."

"We Nguchiro! Rudi hapa! Ofa gani?"

Nguchiro akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Ile ya wenye meno makubwa tu. Sisi wadogo haituhusu. Wanatoa friji. Friji kubwa kama nyumba, imejaa nyama mpaka mlango haufungi. Imeshaletwa, iko Pango la Popo. Ni moja tu. Chui anaijua. Ajabu hajakuambia."

Fisi akameza mate. Gu! Yakasikika mpaka ndani ya ule ufa.

"Ya... ya bure?"

"Bure bure! Lakini lazima ujiunge. Andika kwenye namba hii jina lako, mlango wa pango lako na saa unayolala."

Mtasema, wanangu, Fisi si anaujua mchezo huo? Si ni mchezo wake mwenyewe? Lakini Fisi akishasikia nyama, akili yake huaga ikaondoka. Alijaza yote. Alijaza mpaka mlango wa nyuma ambao hata mkewe alikuwa haujui. Ting! Ikaingia kwenye simu ya Nungunungu.

"Sasa sikiliza masharti," Nguchiro akasema. "Uende leo alasiri, peke yako. Simu yako iache nje, mlangoni, maana friji hii haipatani na simu. Uingie kwa mlango wa mashariki. Ndani kuna giza, lakini utaigusa, imefunikwa blanketi la manyoya. Ukiigusa, iume kwa nguvu zako zote, uivute, usiiachie."

"Niiume?"

"Sasa utaibebaje, kwa kwapa? Na ikinguruma usiogope. Friji ikiwa mpya hunguruma. Ikinguruma sana, ndiyo injini imewaka."

Wakati huohuo Mama Kanga alikuwa juu ya mti, kwenye kijitawi chembamba kisichoweza kumbeba Chui. Alikuwa amekibana kijitawi kwa kucha zote. Chini yake alilala muuaji mwenye madoadoa, na bado alitakiwa aseme naye kwa sauti ya kawaida.

"Kumbe hukualikwa, Bwana Chui?" akasema. "Fisi anakwenda kuichukua ile friji ya nyama leo alasiri. Anasema wewe umezeeka, nyama yote ataila yeye."

"Atakula nini?" Chui akakurupuka.

Naye akaandikishwa mlango wake na saa anayolala, kisha akaambiwa masharti yaleyale. Simu nje, giza, blanketi, uma, usiiachie. Ila yeye aliambiwa aingie kwa mlango wa magharibi.

Alasiri ilipofika, Fisi huyo kwa mashariki, ananyata, mate yanamtoka. Akaweka simu mlangoni. Chui huyo kwa magharibi, ananyata. Akaweka simu mlangoni. Nguchiro na wenzake walikuwa wamejibanza kwenye majabali ya juu.

Ndani ya pango kukawa kimya. Halafu sauti ya Fisi ikasikika, "Hee! Blanketi hili hapa!"

Kacha!

"NGRRRRAAA!"

"Mmh! Inanguruma!" Fisi akafurahi, meno yamebana. "Mpya kabisa!"

Na Chui naye akashika alichoshika. Kacha!

"Uwiii! Friji inauma! Friji inauma!"

"Usiiachie!" Nguchiro akapiga kelele kutoka juu. "Injini inawaka hiyo! Vuta!"

Wakavutana. Puu! Tifu! Pango likatetemeka, popo wakatoka kama moshi. Ngrrraa! Uwiii! Huku anavuta, huku anavuta, na hakuna aliyekubali kuiachia nyama yake ya bure.

Nguchiro hakukaa kutazama. Aliruka chini, akazinyakua simu zote mbili, ya mashariki na ya magharibi, na kwa vidole vyake vidogo akaandika kwenye ya Fisi kwa wote waliowahi kujiunga: "Neema Bure ni Fisi na Chui. Milango yenu wanayo wao. Nyumbani ulipoandika usilale tena. Chimba mlango mwingine leo. Mimi Nguchiro niliyewaalika ndiye ninayewaambia."

Bonde zima likalia. Ting! Ting! Ting! Kwenye vichuguu, kwenye mashimo, kwenye majabali.

Kisha akaziinua zile simu mbili na kuzitupa kwenye dimbwi refu la mto. Chubwi! Chubwi!

Fisi na Chui wakatoka pangoni wakibingirika, bado wameng'ang'aniana. Mwanga ulipowapiga wakaachana. Fisi hana sikio moja. Chui nusu ya mkia imekwenda, na iko mdomoni mwa Fisi.

"Wewe!" Chui akasema.

"Friji yangu uko wapi?" Fisi akauliza, maskini, na lugha yenyewe imemchanganya.

Ndipo wakainua macho. Nguchiro alikuwa amesimama juu ya jiwe, kifua mbele.

"Ni mimi!" akasema. "Msiulizane. Ni mimi Nguchiro wa kichuguu cha mtoni. Kwangu mnakujua, nilijaza mwenyewe. Njooni! Lakini jueni na sisi tunajua kwenu. Mlango wa mbele, mlango wa nyuma, na saa mnayokoroma. Siafu wa bonde hili ni jamaa zangu, nami nitawaonyesha njia!"

Chui akapiga hatua moja. Nungunungu akasimama kando ya Nguchiro, miiba imesimama. Kweche! Kweche! Pimbi wakajipanga juu ya majabali, kila mmoja na jiwe. Na Mama Kanga, yule aliyeng'ang'ania kijitawi asubuhi kwa woga, akashuka mpaka mbele ya wote, akamtazama Fisi usoni. "Njoo," akamwambia. "Njoo sasa, nikiwa nipo nyumbani."

Fisi akatazama damu yake. Akamtazama Chui, Chui akamtazama yeye, na kila mmoja akamwona mwizi wa friji. Ushirika wao ukafa palepale. Mmoja akashika njia ya kusini akichechemea, mwingine njia ya kaskazini, wakinuniana.

Majirani wakapiga vigelegele, wakataka kumbeba Nguchiro juu juu. Hakukubali. Mayai ya Mama Kanga hayakurudi, na yeye alilijua hilo kuliko wote. Alikwenda kwa Mama Kanga bila kuitwa, akaanza kumchimbia pahali papya pa kutagia, ndani ya miiba, na Mama Kanga akamwacha achimbe mpaka kucha zikachubuka. Mwisho ndipo akamletea maji ya kunywa.

Basi, wanangu, ukiahidiwa kitu cha bure, kabla hujauliza utapewa nini, uliza kwanza wanachotaka kuchukua kwako.